Spea za Chakavu kwenye Pikipiki ya Kale: Kipi Kichongwe, Kipi Kiachwe

Mwenye Honda CG125 ya mwishoni mwa miaka ya sabini, au BSA Bantam ya miaka ya hamsini, akiuliza afanye nini na habu ya gurudumu iliyopasuka, hupewa majibu matatu yasiyopatana. Wa kwanza humwambia asifunge chochote kisichotoka kwa mtengenezaji yule yule, hata ikibidi asubiri mwaka mzima. Wa pili humwambia aagize kipya cha kuiga kutoka India au China. Wa tatu humwelekeza Gerezani jijini Dar es Salaam, Grogan jijini Nairobi au Kisekka jijini Kampala, achague kwenye lundo la bodaboda zilizokufa, kisha fundi wa kerezo amalizie. Kila mmoja ana mfano wa kazi yake iliyofaulu na wa kazi ya mwenzake iliyoharibika, na mwenye pikipiki huondoka amechanganyikiwa kuliko alivyokuja.

Ubishi huu hauishi kwa sababu umejengwa juu ya swali la asili: kifaa kimetoka wapi? Asili ina uzito wake. Lakini haiamui kama pikipiki itatembea salama, wala kama itatengenezeka tena baada ya miaka ishirini. Kinachoamua ni kipande kipi kilikatwa, kilitanuliwa au kilichomelewa ili vitu viwili visivyojuana viingiane. Ukilitazama jambo kwa upande huo, kambi zote tatu zinaonekana zina haki mahali fulani, na zote zina mahali zinapopotosha watu.

Spea zilikokwenda

Kiwanda huendelea kutengeneza spea kwa muda ule tu ambao kazi hiyo inalipa. BSA ya Birmingham iliunda Bantam kuanzia 1948 hadi 1971, na muda mfupi baadaye kampuni yenyewe ikaporomoka. Tangu hapo kinachouzwa kama spea halisi ni akiba iliyokaa maghalani. Akiba hiyo haijatumika, lakini imezeeka: sili za raba hukakamaa, gaskiti hukauka, na mipako inayokinga nyaya za koili hupasuka. Sili ya 1960 iliyobaki ndani ya boksi lake ni spea halisi kabisa, na bado ikifungwa itavujisha.

Honda CG125 ina historia nyingine. Ilitoka 1976, na Honda iliiunda ikizifikiria nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na matengenezo huchelewa. Injini yake husukuma valvu kwa vijiti badala ya cheni ya taimingi, muundo wa kizamani lakini mgumu kufa. Viwanda vya China viliuchukua muundo huo, vikaunyoosha hapa na pale, na bodaboda nyingi za Afrika Mashariki zimetokana nao. Kwa hiyo mwenye CG ya 1978 anaishi katikati ya ukoo wake. Mwenye Bantam yuko ugenini. Ushauri unaowaweka wawili hawa kapu moja utamkosesha mmoja wao.

Undugu unaodanganya

Hata hivyo undugu peke yake hautoshi. Bantam ilitokana na michoro ya DKW RT 125 ya Ujerumani, iliyochukuliwa kama fidia baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mashine hiyo hiyo ilizaa pikipiki ndogo ya Harley-Davidson ya 1947 nchini Marekani, ikazaa nyingine katika Umoja wa Kisovieti, na Yamaha YA-1 ya 1955, pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, iliifuata pia. DKW, Bantam ya mwanzo na Yamaha hiyo zote zina silinda yenye upana wa milimita 52 na mwendo wa pistoni wa milimita 58. Anayesoma namba hizo ataamini amepata machimbo matatu ya spea. Atakapofungua ndipo atakapoona kwamba BSA iligeuza mchoro mzima, kushoto kukawa kulia, ili pedali ya gia ikae upande waliouzoea Waingereza, na bolti zake zikakatwa meno ya Kiingereza. Krankikesi za ndugu hawa hazibadilishani.

Kwa CG hatari ni ya namna nyingine: mambo yanakubali kwa urahisi mno. Injini ya asili ina silinda ya milimita 56.5 na mwendo wa 49.5, jumla sentimita za ujazo 124. Dada yake wa Kichina wa 150 ana silinda ya milimita 62 na mwendo ule ule wa 49.5. Fundi anayeona silinda ya 150 kwenye chakavu hushawishika kuipandisha kwenye CG ya zamani, na ikigoma kuingia, anautanua mdomo wa krankikesi. Pikipiki hupata nguvu, na mteja huondoka ameridhika. Lakini krankikesi ile ya Honda ndiyo kitu pekee ambacho hakipatikani tena, na sasa imekatwa isirudishike. Silinda ya 150, ambayo ipo kwa maelfu, imebaki nzima. Pistoni kubwa nayo ina uzito zaidi, mizani ya krankshafti inayumba, na mtetemo unahamia kwenye beringi kuu. Hapo kosa si kutumia chakavu. Kosa ni kuchonga upande usiofaa: kichongwe cha kuazima, cha asili kiachwe.

Kambi ya asilia

Watetezi wa spea halisi wana hoja nzito kuliko wanavyodhaniwa. Vyama vikubwa vya Ulaya vinawaunga mkono: Vintage Motor Cycle Club ya Uingereza, iliyoanzishwa 1946, hupokea pikipiki zilizofikisha miaka 25, na shirikisho la kimataifa la FIVA huhesabu chombo kuwa cha kihistoria kikifikisha miaka 30 kikiwa kimetunzwa katika hali inayolingana na historia yake. Mkataba wa Turin wa FIVA, ulioandikwa kwa kufuata mfano wa Mkataba wa Venice wa 1964 kuhusu majengo ya kale, unapendelea kuhifadhi kilichopo kuliko kukifanya kipya. Nyuma ya kanuni hizi kuna akili ya kifundi pia. Kifaa cha asili hukaa mahali pake bila kulazimishwa, kina meno yanayolingana na bolti zake, na fundi yeyote mwenye kitabu cha mashine ataweza kukifungua.

Udhaifu wao ni kwamba wanauhesabu uasili kana kwamba ni uzima. Kabureta za Amal zilizofungwa kwenye pikipiki nyingi za Kiingereza zilisubuliwa kwa aloi ya zinki inayolika haraka na kupinda penye flanji pale nati zinapokazwa kupita kiasi. Kurudisha kabureta halisi iliyochoka ni kurudisha ugonjwa halisi. Na kwa mtu wa Tabora au Eldoret anayeagiza kifaa kutoka Ulaya, usafiri na ushuru vinaweza kuzidi bei ya kifaa chenyewe. Matokeo tunayaona: pikipiki inasimama ghalani ikisubiri ukamilifu, kutu inaingia kwenye silinda, na baada ya miaka michache kilichokuwa tatizo la kabureta kimekuwa tatizo la injini nzima.

Kambi ya vipya vya kuiga

Hawa wana soko linalowasaidia. Royal Enfield Bullet ni mfano bora: ilianza kuunganishwa Madras mwaka 1955, Uingereza ikaacha na India ikaendelea, na kwa hiyo mwenye Bullet ya zamani hununua vifaa vipya vingi bila kutafuta chakavu. Kwa CG pia pistoni, ringi, sahani za klachi na nyaya mpya zinapatikana dukani kwa bei ya kawaida. Kwa kitu kinachochakaa na kubadilishwa mara kwa mara, sioni sababu ya kununua kilichotumika. Beringi ya mtumba ni akiba ya uongo.

Shida yao ni ubora usiotabirika. Boksi mbili zenye chapa moja zinaweza kubeba vyuma viwili tofauti, na chuma laini hakijitambulishi kwa macho. Habu au kipande cha gia kutoka kwenye Honda iliyochakaa kinaweza kuwa chuma bora kuliko kipya kinachong'aa, kwa sababu kilishabeba mzigo kwa miaka na hakikukatika.

Kambi ya chakavu

Wenye kuazima kutoka mashine nyingine wana historia ya heshima. Burt Munro wa Invercargill, New Zealand, aliichukua Indian Scout ya 1920, akaikarabati kwa miongo kadhaa, pistoni akizisubu mwenyewe, na 1967 akaweka rekodi Bonneville kwa mwendo unaopita kilomita 290 kwa saa. Huko Havana, wenye Harley-Davidson za kabla ya mapinduzi walizifanya zitembee miaka yote ya vikwazo vya Marekani kwa kuazima vipande vya magari na malori. Triton, yaani injini ya Triumph ndani ya fremu ya Norton iitwayo Featherbed, ilianza kama kazi ya vijana wasio na fedha, na leo inatafutwa kama kitu chenye thamani yake yenyewe.

Nguvu ya kambi hii ni kwamba inaweka mashine barabarani na ujuzi mikononi mwa watu. Udhaifu wake ni kutoandika. Fundi aliyefunga klachi ya pikipiki moja, sproketi ya nyingine na ekseli aliyoichonga mwenyewe anajua alichofanya. Akihama au akifariki, pikipiki hiyo haina kitabu tena. Anayefuata hukisia, na kukisia ndiko kunakoua meno ya bolti.

Mahali vipimo vinapopishana kidogo

Tofauti kubwa haimdhuru mtu, maana kifaa kinagoma wazi. Hasara hutokana na tofauti ndogo. Bolti ya Kiingereza ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94, na bolti ya milimita 8 ya Kijapani iko karibu nayo kiasi kwamba macho hayatofautishi. Lakini bolti ya Kiingereza ya aina ya Whitworth ya kipimo hicho ina meno 18 kwa inchi, yenye pembe ya nyuzi 55. Bolti ya kipimo hicho yenye meno ya baiskeli, iliyotumika sana kwenye pikipiki za Kiingereza, ina meno 26. Na M8 ya kawaida ina hatua ya milimita 1.25, karibu meno 20 kwa inchi, yenye pembe ya nyuzi 60. Nati ya M8 itapanda mizunguko miwili au mitatu kwenye Whitworth, kisha itakaza. Fundi mwenye haraka anadhani ni kutu, anaongeza urefu wa spana, na nati inaendelea kuzunguka. Inaonekana imekubali, kumbe imelikata kila jino lililokuwa mbele yake. Ikiwa bolti hiyo inashikilia injini, itaachia barabarani.

Wajapani nao hawasameheki kwa urahisi. Skrubu ndogo za pikipiki zao za kabla ya mwishoni mwa miaka ya sitini zilifuata kipimo cha zamani cha nchi yao: M5 ilikuwa na hatua ya milimita 0.9, na baada ya kuhamia kipimo cha kimataifa cha ISO ikawa 0.8. Skrubu ya Honda mpya inayolazimishwa kwenye Honda ya 1964 inaweza kuharibu kesi ya alumini ingawa jina ni lile lile. Geji ya meno ya bolti ni chombo cha bei ndogo, na hakuna sababu ya gereji inayogusa pikipiki za kale kukaa bila hiyo.

Tazama sasa beringi. Tuseme habu ya zamani inachukua 6302, na gurudumu la kuazima limekuja na 6202. Zote zina tundu la milimita 15, hivyo ekseli inapita bila shida. Ila 6302 ina kipenyo cha nje cha 42 na unene wa 13, na 6202 ina 35 na 11. Njia ya mkato ni kujaza nafasi kwa bati la kopo lililokunjwa, jambo linaloonekana mara nyingi na linaloishia kwa gurudumu kucheza. Njia ya pili ni kuchonga bushi ya chuma yenye ukuta wa milimita 3.5, ibanwe ndani ya habu, na wosha ya milimita 2 ifidie unene. Inafanya kazi, lakini umeweka beringi yenye uwezo mdogo penye mzigo ule ule. Njia ya tatu ndiyo wengi wanaisahau: namba hizi ni za kimataifa, 6302 mpya inauzwa kwenye duka lolote la beringi, na hakukuwa na haja ya kurekebisha chochote. Kabla ya kuazima, ni vyema kuuliza kama kilichoharibika ni cha pikipiki ile au ni cha dunia nzima.

Bushi ile inaonyesha pia njia inayopatanisha kambi. Kati ya kifaa cha asili na kifaa cha kuazima unaweza kuweka kipande cha tatu, bushi, wosha nene, sahani ya kushikia, na hicho ndicho kikachongwa. Kikichakaa kinatupwa, na viwili vya pembeni vinabaki vilivyokuwa.

Breki, ekseli na fremu

Kwenye vitu vinavyobeba uhai kanuni ya kuchonga cha kuazima inafika kikomo. Ekseli ikipunguzwa unene ili ipite kwenye shokapu za kale imedhoofishwa penye mzigo mkubwa kuliko pote, na kona kali iliyoachwa na kerezo ndiyo mahali ufa utakapoanzia. Afadhali ekseli nzima ichongwe upya kutoka chuma kinachofaa kuliko kuila iliyopo.

Kwenye breki za ngoma watu huangalia kama sahani inaingia kwenye ngoma na kama kebo inafika. Wanasahau mkono unaoizuia sahani isizunguke. Unapobana breki, nguvu yote inayosimamisha gurudumu hutaka kuizungusha sahani, na ni mkono ule, au ulimi uliosubuliwa kwenye shokapu, unaoikatalia. Breki ya kuazima mara nyingi haina mahali pa kushikia kwenye shokapu za kale, na klipu ya bomba iliyokazwa kwa skrubu haitoshi. Ikiteleza, sahani inazunguka, kebo inajivuta yenyewe, na gurudumu la mbele linajifunga ghafla. Hili si jambo la kujaribu uone.

Fremu za kale za Kiingereza zina siri yake. Nyingi ni mabomba yaliyoingizwa kwenye viungo vya chuma cha kusubu na kuunganishwa kwa brasi. Mchomeleaji akipiga umeme hapo, joto kali hufanya ukanda mgumu unaokatika kama kioo pembeni mwa chomeo. Kazi hiyo inataka gesi, brasi na mtu mwenye subira.

Na kifaa chochote cha chakavu kinachobeba mzigo kipimwe nyufa kabla ya kufungwa. Kisafishwe hadi chuma kionekane, kipakwe mafuta ya taa, kiachwe kidogo, kikaushwe vizuri kwa kitambaa, kisha kipakwe unga wa chaki. Penye ufa mafuta yaliyojificha yatapanda na kuchora mstari mweusi kwenye weupe wa chaki. Kazi hii haihitaji mashine, na imewahi kuwaambia mafundi ukweli ambao muuzaji hakuujua.

Umeme na mafuta

Hapa chakavu ina faida kubwa na madhara yake yanarekebishika. Pikipiki nyingi za kale zina volti 6, taa hafifu na platini inayotaka kurekebishwa kila mara. Kuhamia volti 12 kunapunguza mkondo nusu kwa taa ya wati zile zile, na nyaya za zamani hupumua. Lakini mambo mawili huwakwamisha watu. Pikipiki nyingi za Kiingereza zilifungwa betri ikiwa upande chanya ndio unaogusa fremu. Rektifaya ya bodaboda ikifungwa bila kugeuza nguzo inaungua papo hapo. Na CDI, kifaa kinachozalisha cheche, si moja: nyingine hula umeme wa koili iliyo ndani ya sumaku, nyingine hula betri. Soketi zinaweza kufanana na bado cheche isitoke.

Kabureta ya kuazima huonekana rahisi, kwa kuwa adapta ndogo ya alumini huiunganisha na silinda bila kukata kitu. Ugumu uko kwenye jeti. Kabureta yenye koo kubwa hupunguza kasi ya hewa na injini hukohoa kwenye mwendo mdogo. Jeti ndogo mno hufanya injini ichome moto mkali. Kwa Bantam jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu ni mashine ya mipigo miwili na oili yake huja ikiwa imechanganywa na petroli. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua, na pistoni inaweza kukwama kilima cha kwanza. Plagi itolewe na rangi yake isomwe kabla ya safari yoyote ndefu.

Karatasi

Injini ya chakavu ina namba, na namba hiyo inaweza kuwa ya pikipiki iliyoibwa. Kadi ya usajili hubeba namba ya injini na ya fremu, kwa hiyo anayebadilisha injini nzima adai hati ya mauzo na apeleke mabadiliko kwenye mamlaka ya usajili, TRA kwa Tanzania na NTSA kwa Kenya. Bila hivyo hata bima inaweza kugeuka mabishano siku ya ajali.

Mizani

Nikizipima kambi hizi, kila moja ina eneo lake. Vinavyochakaa na kupatikana kokote, kama beringi, sili, ringi, cheni na shuu za breki, vinunuliwe vipya bila kuona haya. Umeme na kabureta ndiko chakavu inakofaa zaidi, mradi nyaya na vifaa vya asili vihifadhiwe. Kwenye magurudumu na gia chakavu inafaa ikiwa ukoo ni mmoja, kama ilivyo kwa CG. Kwenye breki, ekseli na fremu mtu awe mgumu kama watu wa asilia, si kwa ajili ya thamani bali kwa ajili ya aliyekaa juu ya tandiko. Krankikesi na fremu visikatwe kabisa maadamu kipande cha tatu kinaweza kuchongwa. Na kila badiliko liandikwe, kifaa kilitoka kwenye modeli gani na bolti ni ya meno gani, karatasi ikae pamoja na kadi.

Linabaki suala gumu: Bantam ambayo injini yake imekufa kabisa na ndugu hayupo. Watu wa asilia watasema isimame. Mimi nakubaliana na wa chakavu hapo, injini ya bodaboda iingie, kwa sahani za chuma zinazofungwa kwenye matundu yale yale ya fremu, na injini ya zamani ihifadhiwe na oili ndani yake. Lakini Bantam ya mwanzo ilikuwa na nguvu za farasi zisizofika tano, na breki yake ya mbele iliundwa kwa mwendo huo. Injini ya 150 ina zaidi ya maradufu. Kwa hiyo kazi ya kwanza kwenye pikipiki hiyo, kabla injini haijawashwa, ni gurudumu la mbele lenye breki inayoweza kuisimamisha, na mahali imara pa kuishikia.